Kupandikiza Uvimbe wa Saratani katika Samaki: Somo kwa Walimu na Wanafunzi wa Biolojia

Mwanafunzi wa Manchira, katika Wilaya ya Serengeti, humfahamu dagaa tangu utotoni. Samaki huyo huvuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Victoria, huanikwa juani, kisha husafirishwa katika magunia hadi soko la Mugumu na vijiji vya jirani. Ni wachache, hata hivyo, wanaojua kwamba dagaa wa ziwa letu ana ndugu yake huko Bara Hindi, samaki mdogo wa vijito na mashamba ya mpunga, ambaye siku hizi hufugwa kwa maelfu katika maabara zinazochunguza ugonjwa wa saratani. Jina lake la kisayansi ni Danio rerio. Wataalamu wa uainishaji humweka pamoja na dagaa, Rastrineobola argentea, katika jamii moja iitwayo Danionidae.

Sisi tutamwita samaki pundamilia. Jina hilo lina kasoro ambayo msomaji anayeishi kando ya Hifadhi ya Serengeti ataitambua mara moja: milia ya pundamilia wa nyikani hukatiza mwili, hali milia ya samaki huyu hufuata urefu wa mwili toka kichwani hadi mkiani. Lakini jina limekwisha enea, nasi hatuna haja ya kubuni jingine.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja tu kuhusu samaki huyu, nalo ni kupandikiza uvimbe: maana yake ni nini, hufanywaje, na lina uzito gani kwa mtu wa Mara. Kwa kuwa saratani iliyowavuta wanasayansi wengi wa dunia kuja Afrika ya Mashariki iko karibu na milango yetu, yafaa tuanze nayo.

Ugonjwa wa taya

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye aliona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo huko Jinja. Alianza kukusanya habari za wagonjwa, na mwaka 1958 alichapisha maelezo yake ya kwanza. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari toka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali hata hospitali kama ugonjwa huo ulionekana hapo. Wakagundua kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, na kwamba katika Afrika ya Mashariki ni haba sana penye mwinuko unaopita mita 1500 hivi. Ramani waliyoichora ilifanana mno na ramani ya malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakitazama kwa darubini ya elektroni seli zilizotokana na uvimbe uliopelekwa London toka Kampala, waliona virusi ambavyo havikuwa vimejulikana kabla. Leo tunaviita virusi vya Epstein-Barr, na uvimbe wenyewe tunauita limfoma ya Burkitt.

Ukanda wa ziwa wa Mkoa wa Mara ni miongoni mwa sehemu ambako limfoma hiyo imechunguzwa kwa makini zaidi duniani, hasa kwa kazi iliyofanyika katika Hospitali ya Shirati wakati eneo lile lilipokuwa Wilaya ya Mara Kaskazini, ambayo sasa ni Tarime na Rorya. Tutairudia kazi hiyo mbele.

Jambo moja la vitendo lisisubiri mwisho wa makala. Seli za uvimbe huu hujigawa upesi kupita karibu kila uvimbe mwingine wa binadamu. Wingi wake waweza kuongezeka maradufu kwa muda wa saa 24 hadi 48. Kwa hiyo mwalimu anayeona mtoto amevimba taya, meno yanalegea pasipo sababu, au tumbo linakua kwa haraka, asingoje mwisho wa muhula. Ampeleke hospitali juma hilo hilo. Dawa ya saiklofosfamaidi, ambayo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Kampala katika miaka ya 1960, yaweza kuyeyusha uvimbe mkubwa kwa siku chache, na watoto wengi huponea kwa dawa hiyo pamoja na nyingine zinazochanganywa nayo. Lakini katika baadhi ya watoto uvimbe hurejea baada ya kutoweka machoni. Wapo wapi wakati huo wadudu wa moto huu? Ni seli ngapi zilizobaki, nazo ni zipi? Swali hilo ndilo linalotuleta kwa samaki.

Jeni moja katika viumbe wawili

Katika kila seli ya mwili wetu, kwenye kromosomu ya 8, imo jeni iitwayo MYC. Kazi yake ni kuiamrisha seli ikue na kujigawa, na kwa kawaida hufunguliwa kwa kiasi na kufungwa. Mwaka 1982 wachunguzi waligundua kinachotokea katika limfoma ya Burkitt: kromosomu ya 8 na aghalabu ile ya 14 hukatika na kubadilishana vipande, na MYC hujikuta imekaa kando ya jeni inayotengeneza kingamwili. Katika limfosaiti za aina ya B, ambazo kazi yake ni hiyo ya kingamwili, jeni jirani haifungwi. MYC nayo haifungwi tena.

Mwaka 2003 David Langenau na wenzake huko Boston, Marekani, waliingiza jeni ya Myc ya panya katika mayai ya samaki pundamilia, wakaiunganisha na jeni ya protini ya kijani ing'aayo, ambayo asili yake ni yavuyavu wa baharini. Samaki wale walipata saratani ya damu. Ilianzia katika tezi ya thaimasi, ikaenea mwilini, na kwa sababu seli zilizougua ziling'aa kijani, mchunguzi aliweza kuiona saratani ikitembea ndani ya mnyama aliye hai. Msomaji atambue tofauti: limfosaiti zilizougua katika samaki hao zilikuwa za aina ya T, hali zile za Burkitt ni za aina ya B. Samaki hawa si mfano kamili wa ugonjwa wetu. Kinacholingana ni jeni iliyoachiwa bila kizuizi.

Kulingana huko si ajabu. Mpangilio kamili wa jeni za samaki pundamilia ulipochapishwa mwaka 2013, ilionekana kwamba jeni zipatazo 70 katika kila 100 za binadamu zina mwenzake katika samaki huyu. Tena ni mnyama rahisi kufuga. Urefu wake haupiti sana sentimita 4. Jike hutaga mayai mamia mara moja, alfajiri taa inapowashwa. Yai hurutubishwa nje ya mwili na kinachokua ndani yake huonekana kama kitu kilichomo ndani ya kioo. Baada ya siku mbili au tatu huanguliwa, na baada ya miezi mitatu hivi samaki amekwisha pevuka.

Kupandikiza ni kuuliza swali

Kupandikiza uvimbe si jambo jipya. Mwaka 1876 Novinsky, daktari wa mifugo wa Kirusi, alihamisha vipande vya uvimbe toka kwa mbwa mmoja hadi kwa watoto wa mbwa, na baadhi ya vipande vikaota. Tangu hapo kupandikiza kumekuwa mtihani mkuu wa saratani. Seli nyingi zaweza kuonekana vibaya chini ya darubini: zimerundikana, umbo lake limeharibika, viini vyake ni vikubwa. Lakini sura haitoshi kuhukumu. Ukizihamishia katika mwili wa mnyama mwingine, unaziuliza: je, mnaweza kuanza ugonjwa upya peke yenu? Zile zilizozidi tu kwa muda hufa. Seli za saratani ya kweli huota, na waweza kuzihamisha tena kwa mnyama wa tatu, na wa nne.

Kikwazo kikubwa ni kinga ya mwili. Mpokeaji hutambua seli za kigeni na kuziangamiza, kama vile mgonjwa aliyepandikizwa figo anavyoweza kuikataa. Kwa samaki pundamilia kikwazo hiki huzungukwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kumwangazia samaki mzima mionzi ya gama kwa kipimo kisichomwua, ili chembe zake za kinga zipungue. Hii ndiyo iliyotumika Boston. Udhaifu wake ni kwamba kinga hurudi baada ya majuma matatu hivi, na uvimbe uliokuwa ukistawi huweza kukataliwa mbele ya macho ya mchunguzi kabla hajamaliza kazi.

Njia ya pili kwangu mimi ndiyo nzuri kupita zote. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, ambaye tunaweza kumwita baba wa uchunguzi wa samaki huyu, alichapisha mwaka 1981 namna ya kupata samaki wanaofanana jeni kwa jeni. Alirutubisha mayai kwa mbegu za kiume ambazo jeni zake zimeharibiwa kwa mionzi ya urujuanimno, hivi kwamba baba hakuchangia chochote. Kisha akayatendea mayai kwa shinikizo au joto ili urithi wa mama ujirudufu. Vizazi viwili vya kazi hiyo hutoa ukoo ambao kila samaki ni kama pacha wa mwenzake. Mwaka 2006 Mizgireuv na Revskoy walionyesha kwamba uvimbe uliotokea katika samaki mmoja wa ukoo kama huo huota katika ndugu zake bila mionzi yoyote. Mwili wa mpokeaji hauna sababu ya kuukataa, maana hauoni kitu kigeni.

Kazi yenyewe huenda hivi. Uvimbe hukatwakatwa katika maji yenye chumvi ya kipimo maalum, huchujwa kwa wavu mwembamba ili seli zitengane, kisha seli huhesabiwa chini ya darubini. Samaki mpokeaji hutiwa katika maji yenye dawa ya ganzi mpaka atulie, na idadi ya seli iliyokusudiwa huingizwa tumboni kwa sindano nyembamba. Akirudishwa katika maji safi huamka kwa dakika chache. Baada ya hapo hufuatwa kwa darubini yenye mwanga maalum: mwanzoni huonekana doa la kijani palipochomwa, siku kadhaa baadaye, ama doa limefifia, ama limeenea mpaka samaki mzima anang'aa.

Njia ya tatu ni kutumia samaki ambaye kinga yake haijakomaa. Kiinitete cha siku mbili, chenye urefu wa milimita 3 hivi, hakina limfosaiti zilizo tayari kwa kazi, na kitakaa majuma kadhaa bila hizo. Hapo hata seli za binadamu hukubaliwa. Mwaka 2005 wachunguzi wa Marekani waliingiza katika viinitete seli za saratani ya ngozi ya binadamu, zikaishi. Sindano ya kazi hii ni mrija wa kioo uliovutwa kwa moto hadi ncha yake isionekane vizuri kwa macho. Nilipofundishwa kuitumia nikiwa masomoni ng'ambo, nilivunja ncha nyingi kuliko viinitete nilivyofaulu kuchoma. Seli mia moja au mia chache huwekwa katika kiini cha yai au karibu yake, zikiwa zimetiwa rangi ing'aayo, na dawa inayojaribiwa huweza kutiwa katika maji. Jibu hupatikana kwa siku nne au tano. Katika panya kazi ya namna hii huchukua majuma au miezi.

Kwa mtoto ambaye uvimbe wake huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, tofauti kati ya siku na miezi si jambo dogo. Mwaka 2017 watafiti wa Lisbon, Ureno, walichukua seli za saratani ya utumbo mpana toka kwa wagonjwa wachache, wakazipandikiza katika viinitete na kulinganisha itikio la dawa katika samaki na yale yaliyompata mgonjwa mwenyewe. Ulinganifu ulikuwa wa kutia moyo, ingawa wagonjwa wachache hawatoshi kuweka kanuni.

Samaki asichoweza kutujibu

Seli ya binadamu imezoea nyuzi 37 za Selsiasi. Kiinitete cha samaki hustawi kwenye nyuzi 28 hivi. Maabara nyingi huweka maji kwenye nyuzi 34 au karibu yake, ambapo kila mmoja wa wawili hao anavumilia lakini hakuna aliye nyumbani. Dawa inayoshindwa kwenye joto hilo huenda isishindwe mwilini mwa mtoto. Mwaka 2019 walipatikana samaki wazima wasio na kinga kutokana na kasoro mbili za jeni, wanaoweza kuzoezwa kuishi kwenye nyuzi 37, na hivyo sehemu ya tatizo hili imepungua. Aidha samaki hana mapafu wala matiti, kwa hiyo saratani za viungo hivyo hazipati ndani yake udongo wa kwao.

Upungufu ulio mkubwa zaidi kwetu ni wa namna nyingine. Limfoma ya Burkitt hailetwi na jeni ya MYC peke yake. Virusi vya Epstein-Barr ni vya binadamu, havimwingii samaki. Na vimelea vya malaria vya Plasmodium falciparum havina makao ndani yake. Mchunguzi akitaka kujua malaria inachangia nini, itamlazimu aje kwa watu wanaoumwa na mbu.

Hilo lilifanyika hapa Mara. Kati ya mwaka 1977 na 1982 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliendesha jaribio katika Mara Kaskazini. Watoto waligawiwa vidonge vya klorokwini ili malaria ipungue, na wagonjwa wapya wa limfoma wakahesabiwa kwa miaka yote hiyo. Fikira ilikuwa rahisi: malaria ikipungua na limfoma ikapungua nayo, uhusiano wao utakuwa umepata ushahidi wa nguvu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 hayakuwa rahisi. Limfoma ilipungua kweli, lakini kupungua huko kulikuwa kumeanza kabla ya jaribio. Malaria ilishuka mwanzoni, kisha ikapanda tena hali vidonge vingali vikigawiwa, maana klorokwini ilikuwa ikianza kushindwa na vimelea. Jaribio lilipokwisha, wagonjwa wa limfoma waliongezeka. Walioandika hawakudai kwamba wamethibitisha walichotaka kuthibitisha, na kwa maoni yangu uaminifu huo unatosha kulifanya jaribio la Mara Kaskazini lifundishwe katika shule zetu pamoja na yale yaliyofaulu.

Kuhesabu seli zinazoanzisha ugonjwa

Tulirudie swali la uvimbe unaorejea. Katika uvimbe wenye seli milioni, je, kila seli yaweza kuuanzisha upya, ama ni chache tu zenye uwezo huo, nyingine zikiwa wafuasi? Ikiwa ni chache, dawa iliyoua seli 999 katika kila 1000 huenda imeziacha zile zile zilizo hatari. Hapa samaki wa ukoo mmoja wana faida kubwa, kwa sababu mtafiti anaweza kutumia mamia ya wapokeaji wanaofanana kabisa, jambo ambalo kwa panya lingekuwa ghali mno.

Utaratibu ni kupunguza seli hatua kwa hatua. Kundi moja la samaki hupewa, kwa mfano, seli 1000 kila mmoja, la pili 100, la tatu 10, la nne seli moja moja. Kisha huhesabiwa samaki wangapi katika kila kundi hawakupata ugonjwa. Mwaka 2010 kikundi cha Langenau kilitumia njia hii kwa saratani ya damu iliyoletwa na Myc. Seli zenye uwezo wa kuanzisha ugonjwa zilikuwa nyingi kuliko ilivyodhaniwa, lakini wingi wake ulitofautiana sana toka uvimbe hadi uvimbe: toka seli 1 hivi katika 1000 hadi 15 hivi katika 100. Seli moja peke yake, ikiwa ni ya kundi hilo, ilitosha kumwangamiza samaki.

Hesabu yake inaweza kufanywa darasani bila samaki wala maabara. Mwalimu achukue maharage meupe 950 na mekundu 50, yawe ya ukubwa mmoja ili vidole visiweze kuyatofautisha, ayachanganye katika ndoo. Maharage mekundu ni seli zinazoanzisha ugonjwa. Wanafunzi wasiambiwe idadi yake. Mwanafunzi, akiwa amefumba macho, achote maharage 10, aandike kama limo jekundu hata moja au hakuna, ayarudishe na kuchanganya upya. Afanye hivyo mara 30. Mchoto usio na jekundu ni samaki aliyepona. Kisha kazi irudiwe kwa michoto ya maharage 20, na mwisho kwa michoto ya 40.

Kipimo kinachotafutwa ni kile ambacho michoto 37 hivi katika kila 100 haina jekundu. Sababu ni hii. Ikiwa kwa wastani kila mchoto unapata jekundu moja, haina maana kwamba kila mmoja unapata moja kamili. Baadhi hupata mawili au matatu, mingine haipati kitu. Kwa ndoo yetu, nafasi ya kuchota harage jeupe ni 19/20. Nafasi ya kuchota meupe matupu mara 20 ni 19/20 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20, yaani 0.36 hivi. Wanafunzi wa Kidato cha Sita wajaribu kwa 99/100 mara 100, watapata 0.37, na waendelee kwa namba kubwa zaidi waone inapoishia.

Katika michoto 30 ya maharage 10 tutazamie kwamba michoto 18 hivi itakosa jekundu; katika ile ya 20, kama 11; katika ile ya 40, kama 4. Kutokana na namba hizo darasa litakisia lenyewe kwamba harage moja katika kila 20 ni jekundu. Wanafunzi watakaopata 7 au 15 mahali pa 11 hawakukosea kuchota. Michoto 30 ni michache. Wajumlishe matokeo ya darasa zima, wahesabu tena, kisha waimwage ndoo mezani na kuyahesabu maharage mekundu moja moja.